Uzi wa wapenda steki na sushi: ukiingia mgahawani unaagiza nini kwanza?

MLETA UZI

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wenzangu ambao kwenda kula nje kwao ni steki au sushi, basi. Na wakipata mgahawa unaotoa vyote viwili, hapo ndipo kambi inapopigwa.

Kuna watu hushangaa vitu hivi vinakaaje kwenye menyu moja, kimoja kinataka moto mkali na kingine hakijui moto ni nini. Lakini ndoa hii si ya jana. Mwaka 1945 mgahawa wa Misono mjini Kobe ulianza kuchoma nyama juu ya bamba la chuma mbele ya macho ya mteja. Mwaka 1964 Mjapani Rocky Aoki akaupeleka mtindo huo New York alipofungua mgahawa wa Benihana. Leo mtu anaona jambo la kawaida kabisa kukaa mezani, kushoto jodari mbichi, kulia ng'ombe aliyechomwa.

Hoja yangu ni moja na nitaitetea mpaka uzi ufungwe: mgahawa wa namna hii unapimwa kwa sahani iliyo tupu kuliko zote. Siku ya kwanza achana na maroli, yaani sushi za kuviringishwa, yenye majina ya majoka na volkano, yaliyokaangwa, yakapakwa mayonezi ya pilipili, kisha yakamwagiwa sosi tamu. Achana na steki iliyozamishwa kwenye mchuzi wa uyoga. Agiza nigiri mbili za jodari, yaani ule wali uliofinyangwa kwa mkono na kipande cha samaki juu yake, halafu steki ya chumvi na pilipili manga tu. Hapo mpishi hana pa kujificha.

Steki ikitua mezani, itazame kabla hujaigusa. Uso unatakiwa uwe wa kahawia iliyokolea na mkavu, ukiupitishia ncha ya kisu unasikia unakwaruza. Rangi hiyo na ile harufu vinatokana na protini na sukari za nyama kukutana na joto kubwa, jambo ambalo Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza mwaka 1912. Linahitaji joto la nyuzi 140 hivi kwenda juu, na maji yakiwepo joto haliwezi kufika huko. Kwa hiyo ukiletewa steki ya kijivu, jua moja kati ya mawili: nyama iliingia ikiwa imelowa, au chuma hakikuwa kimepata moto.

Halafu ikate katikati. Pembeni uone utepe mwembamba wa kijivu, ndani rangi iwe moja mpaka upande wa pili. Ukiona kijivu kimekula nusu ya kipande na katikati kuna doa jekundu la baridi, huyo aliharakisha. Na kama sahani imejaa maji mekundu papo hapo, nyama haikupumzishwa baada ya kutoka motoni. Hayo maji si damu, jamani. Ni maji ya nyama yaliyochanganyika na mayoglobini, protini inayotunza oksijeni kwenye misuli. Damu ilishatoka machinjioni.

Kwenye sushi, tazama wali. Kila mtu anakimbilia samaki, lakini samaki mzuri hata mpishi mvivu anaweza kumnunua. Wali ndio kazi. Uwe na joto linalokaribia la mwili wako, punje zionekane moja moja, ziwe na siki ya kutosha kuamsha ulimi. Ukiinua nigiri isiporomoke, ukiiweka mdomoni iachie yenyewe. Wali wa baridi na mgumu ulitoka kwenye friji, na mgahawa unaoweka wali wa sushi kwenye friji hauna cha kunifundisha.

Leteni maoni yenu. Na nyie wa maroli, najua mnakuja.

KISU KIKALI

Nipo siti ya mbele kabisa. Karanga ninazo.

MZEE WA ROLI

Tumeshafika mkuu, na hatuondoki.

Mtu ametoka kazini, ana njaa, anataka kitu chenye parachichi, chenye kukwaruza kidogo, chenye pilipili. Wewe unamwambia ale vipande viwili vya samaki mbichi ili ampime mpishi. Kwani yeye mkaguzi?

Na hizi dharau za roli hamjui zinakotoka. Lile la California, la kaa na parachichi, lilizaliwa Amerika ya Kaskazini, na mpaka leo Los Angeles na Vancouver zinagombania nani aliyelianzisha. Wali ukawekwa nje na mwani ukafichwa ndani ili wageni wasiuogope. Bila ujanja huo nusu ya mliomo humu msingeijua hata hiyo nigiri.

MLETA UZI

Mzee, hapo kwenye historia nakuvulia kofia. Sina ugomvi na roli. Ugomvi wangu ni kuanza nalo mahali usipopajua, maana mayonezi ya pilipili inafunika samaki aliyechoka. Jikoni penye tabia mbaya mabaki ya jodari hukatwakatwa, yakachanganywa na mayonezi, yakarudi kwa jina la "jodari wa pilipili". Jiko likishafaulu mtihani, agiza joka lako na mimi utanikatia kipande.

Nyongeza ndogo: huyo kaa wa kwenye roli mara nyingi si kaa. Ni samaki mweupe aliyesagwa, akatiwa ladha na rangi. Mwenye mzio wa mayai au ngano aulize kabla, kwa sababu humo ndani vyote viwili huwa vimo. Na sosi ya soya ya kawaida nayo ina ngano.

MAMA CHUMVI

Mimi nyama yenye wekundu siwezi, na sitaki kubembelezwa. Kila nikisema "iive kabisa" mhudumu ananitazama kana kwamba nimemtukana mpishi. Halafu inakuja kavu, naitafuna mpaka taya linauma. Tufanyeje sisi wa kuiva kabisa?

MPISHI MSTAAFU

Dada, nimesimama kwenye moto miaka mingi, ngoja nikusaidie. Kwanza usimwonee aibu mtu, hela ni yako.

Tatizo si kuiva, tatizo ni kipande unachochagua. Ukiagiza fileti iive kabisa umejiumiza mwenyewe. Ile ni laini lakini haina mafuta ndani, na ikipita nyuzi 70 inabaki nyuzinyuzi tu. Agiza ribai, kipande cha mbavuni chenye michirizi ya mafuta katikati ya nyama. Mafuta yale yakiyeyuka yanakulindia utamu hata ikiiva sana. Omba kisiwe kinene kupita kiasi, kisha uwe na subira. Ukiisukuma nyama nene kwenye moto mkali kwa haraka, nje inaungua kabla ya ndani kufika.

Hesabu ya jikoni ni hii. Mbichi katikati ni nyuzi 50 hadi 52. Ile ambayo wapishi wengi wanaipenda, nusu mbichi, ni 54 hadi 57. Midiamu ni 60 na kidogo. Kuanzia 70 ni weldani, yaani imeiva kabisa. Ona nafasi ilivyo ndogo kati ya moja na nyingine, na nyama ikitoka motoni inaendelea kupanda nyuzi kadhaa yenyewe. Ndiyo maana mpishi makini ana kipimajoto mfukoni, hata kama anajidai anajua kwa kidole.

Kuhusu usalama, wanaoogopa wekundu hawajakosea kuuliza, ila waelewe. Kwenye kipande kizima bakteria hukaa juu, na moto unawamaliza hapo hapo juu. Nyama ya kusaga ni habari nyingine, kwa sababu kilichokuwa juu kimeshaingia ndani. Mamlaka za Marekani zinashauri nyuzi 63 kwa kipande kizima na kukiacha kipumzike dakika 3, lakini kwa nyama ya kusaga ni 71. Kwa hiyo baga yenye wekundu inanitisha kuliko steki yenye wekundu. Wajawazito na wenye kinga dhaifu, nyie ombeni iive, na samaki mbichi muwaachie wengine kwa muda.

MAMA CHUMVI

Asante sana kaka. Kumbe nilikuwa najilazimisha fileti kwa sababu ndiyo ghali.

KISU KIKALI

Mpishi Mstaafu, usiondoke. Kuna mahali waliniletea menyu imeandikwa "baga ya Kobe". Ni kweli au napigwa?

MPISHI MSTAAFU

Hahaha. Kijana, keti.

Nyama ya Kobe inatoka kwa ng'ombe wa ukoo wa Tajima, waliozaliwa, kulelewa na kuchinjwa mkoa wa Hyogo huko Japani, na bado lazima wapite mizani ya ubora. Ilianza kuuzwa nje ya Japani mwaka 2012. Kabla ya hapo, kila "Kobe" uliyoila nje ya Japani ilikuwa jina tu. Hata leo inayotoka ni kidogo, na kila ng'ombe wa Japani ana namba yake ya tarakimu 10. Mgahawa wenye nyama ya kweli hauchukii ukiuliza cheti, tena wengine wanakiweka mezani kwa maringo.

Sasa fikiria: thamani yote ya nyama ile ni ile michirizi ya mafuta iliyotawanyika ndani yake kama utando. Nani mwenye akili ataisaga afanye baga?

"Wagyu" ni jina pana zaidi, ni ng'ombe wa mifugo minne ya Kijapani, na nje ya Japani wengi ni machotara. Si wabaya, wengine watamu sana, ila si kitu kilekile. Ukiona daraja la A5 kwenye menyu, herufi inahusu kiasi cha nyama kinachopatikana kwa ng'ombe, namba ndiyo ubora. Michirizi yenyewe inapimwa kwa kipimo cha 1 mpaka 12, na A5 inaanzia 8. Ukiagiza hiyo, chukua kipande kidogo mgawane. Mtu mmoja hawezi kumaliza kipande kikubwa cha A5 bila kuchefukwa. Vipande vitatu vinne vyembamba vinatosha, na ukipata mahali wanakiweka juu ya wali wa siki na kukipitishia moto kidogo, mleta uzi atakuwa amepata steki na sushi kwa tonge moja.

MLETA UZI

Hiyo nigiri ya nyama usinitajie usiku huu.

BADO NAOGOPA

Wakuu mimi steki freshi, lakini samaki mbichi moyo unakataa. Marafiki zangu kila wakienda nabaki nakula wali mtupu na supu. Minyoo je?

KIJITI

Swali lako ni la msingi, usikubali wakucheke. Minyoo ipo. Anayesumbua zaidi kwa samaki wa baharini ni Anisakis. Dawa yake ni baridi kali. Mwongozo wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, unataka samaki wa kuliwa mbichi agandishwe kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, au agandishwe nyuzi 35 chini ya sifuri mpaka awe jiwe kisha akae humo saa 15. Baadhi ya aina za jodari hazibanwi na sharti hilo kwa sababu hatari ya minyoo kwao ni ndogo. Kugandisha hakuui bakteria lakini, kwa hiyo usafi wa mikono, visu na friji unabaki palepale.

Na hapa kuna jambo wengi hawalijui. Salmoni, ambaye leo yupo kwenye kila menyu ya sushi, Wajapani zamani hawakuwa wakimla mbichi, kwa sababu hao wa bahari ya Pasifiki wanajulikana kwa minyoo. Ni Wanorwei ndio waliokwenda kuwashawishi miaka ya 1980, wakiwa na salmoni wa kufugwa wanaolishwa chakula kisicho na vimelea. Walikataliwa mwanzoni, baadaye mambo yakageuka.

Kwa wewe unayeogopa, anza na visivyo vibichi. Mkunga, wanamwita unagi, huchomwa siku zote na kupakwa sosi tamu nzito. Kamba wa nigiri kwa kawaida amechemshwa. Kuna ya kimanda cha mayai, tamu kidogo. Ukizoea wali na siki, hatua ya kwenda kwa salmoni inakuwa fupi.

BADO NAOGOPA

Mkunga na kimanda. Nimeandika. Wali mtupu basi.

KISU KIKALI

Mimi naona shida ni moja tu, samaki awe ametoka baharini leo. Mengine kelele.

KIJITI

Hapo ndipo watu wanapopotea, ndugu. Samaki wa leo ni mgumu na ladha yake bado haijafunguka. Jodari mkubwa huachwa kwenye baridi siku kadhaa, wapishi wengine hata zaidi, protini zivunjike na utamu utoke. Ni jambo lilelile la steki iliyokomazwa. Tena jodari wengi wazuri waligandishwa melini kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri, na ukipewa huwezi kutambua.

Cha kukuogopesha ni rangi. Jodari wa asili ana wekundu uliotulia, unaoelekea kuiva kama divai. Ukimwona anang'aa waridi kama pipi, inawezekana amepulizwa kaboni monoksaidi ili rangi isikimbie. Marekani wanaruhusu, Umoja wa Ulaya na Japani wamepiga marufuku, kwa sababu rangi inabaki nzuri hata samaki akishachoka.

Na mwingine ni yule "jodari mweupe". Mahali pengi anakuwa eskola, samaki mwenye nta ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuisaga. Vipande viwili unaweza kupona, ukijaza sahani utaujua mlango wa choo vizuri. Japani hauzwi kabisa.

MPISHI MSTAAFU

Kijiti kasema kweli kuhusu kukomaza. Nyama hutundikwa kwenye chumba cha baridi ya nyuzi 1 mpaka 4, hewa ikizunguka, wiki tatu nne hivi au zaidi. Maji yanapungua, vimeng'enya vinalainisha nyuzi, nje inakauka na kukatwa itupwe. Kwa hiyo unalipia pia nyama iliyotupwa na uzito uliopotea hewani. Harufu yake inafanana kidogo na ya jibini na karanga. Kuna wasioipenda, na si lazima uipende.

MAMA CHUMVI

Jamani adabu ya mezani je? Juzi mtu mmoja amenikaripia nilipokoroga wasabi, ile rojo kali ya kijani, kwenye soya.

KIJITI

Huyo alitaka sifa. Wewe koroga kama unaipenda. Ila ukitaka kuonja kazi ya mpishi, kuna sababu za haya mambo. Nigiri shika kwa vidole, inaruhusiwa kabisa. Igeuze, chovya upande wa samaki, kidogo tu. Ukichovya wali unanyonya soya yote na kuvunjika, na chumvi inabaki peke yake mdomoni. Tangawizi ya siki unakula katikati ya samaki mmoja na mwingine kusafisha ulimi, huiweki juu ya nigiri. Mpishi akiwa mbele yako, kila kipande ukile kikiwekwa tu, usisubiri picha kumi.

Na ile wasabi ya kijani iliyokolea ni mchanganyiko wa mzizi mwingine mkali, haradali na rangi. Ya kweli hukunwa hapo hapo kutoka kwenye shina lake, ukali wake ni wa upole, na harufu hupotea ndani ya robo saa hivi.

Wanaoepuka kilevi: kwenye wali na sosi za jiko la Kijapani mara nyingi kunatiwa mirini, divai tamu ya mchele ya kupikia, na ina kilevi. Ulizeni mapema.

KISU KIKALI

Nina lalamiko, mgahawa siutaji. Niliagiza vyote viwili. Vikaja pamoja. Steki juu ya sahani ya chuma inachemka na kurusha mafuta, nigiri pembeni yake zinapata mvuke. Samaki akawa vuguvugu. Na steki niliyoomba nusu mbichi, nilipomaliza sushi ilikuwa imeiva kabisa.

MLETA UZI

Hili ndilo kosa kubwa la migahawa ya vyote viwili, na mteja anaweza kulizuia kabla halijatokea. Mwambie mhudumu wakati wa kuagiza: sushi kwanza, steki iingie motoni nikishafika nusu. Jiko lenye akili litakushukuru, maana kaunta ya sushi na jiko la moto ni watu wawili tofauti na wasipoambiwa kila mmoja anatoa chake kikiwa tayari. Kuanza na sushi kuna faida nyingine pia: ulimi ukishapakwa mafuta ya ng'ombe na pilipili manga, samaki mweupe hasikiki.

Ile sahani ya chuma inayochemka ni sinema. Kelele na moshi vinageuza shingo za meza zote, lakini nyama inaendelea kupikwa mbele yako mpaka mwisho. Omba sahani ya kawaida iliyopashwa moto.

Kingine ninachokiangalia mahali kama hapo: je, anayekata samaki ana ubao wake, kisu chake na kitambaa chake? Nikimwona mtu yuleyule anageuza steki kisha anarudi kushika wali, naomba bili ya maji niliyokunywa.

MZEE WA ROLI

Hapo kwenye ubao nakuunga mkono asilimia mia.

Ila mmesahau sisi wa mkanda. Sushi inazunguka, unachukua unachotaka, unahesabiwa sahani. Yoshiaki Shiraishi alianza nayo Osaka mwaka 1958, inasemekana wazo alilipata kwenye mkanda wa chupa za bia kiwandani. Ndiyo sushi ya watu, bila kaunta za kunong'onezana.

KIJITI

Mkanda mzuri, ila mwite mpishi akutengenezee mpya badala ya kuchukua ile uliyoiona ikipita mara ya tatu. Ikiwa kingo za samaki zimekauka na kujikunja juu, iache iendelee na safari.

MAMA CHUMVI

Swali la mwisho nikalale. Zikibaki, nifungashiwe?

MPISHI MSTAAFU

Steki ndiyo. Kesho yake usiirudishe kwenye moto mkali. Ikate nyembamba uile baridi na saladi, au ipashe taratibu kwenye moto mdogo. Nigiri hapana. Ukiziweka kwenye friji wali unakuwa mawe, ukiziacha nje samaki anaharibika. Agiza kidogo kidogo, uongeze ukitaka.

KISU KIKALI

Ndiyo kwanza nimeletewa sahani kubwa ya salmoni, na niko peke yangu. Mkanda nimeshaulegeza.